Homa Jijini: Dalili za Wazi Zinasema Nini?

Homa, kuumwa kichwa, mwili kuchoka na maungo kuuma ni dalili ambazo mtu yeyote huzitambua bila kusomea udaktari. Shida ni kwamba karibu kila ugonjwa wa kuambukiza unaopatikana Dar es Salaam huanza nazo. Eneo la Mwenge, zinapokutana Barabara ya Sam Nujoma na ya Bagamoyo, maduka ya dawa, maabara binafsi na zahanati zimekaribiana kiasi kwamba mgonjwa mmoja anaweza kupewa majina matatu ya ugonjwa mchana mmoja: malaria kwa muuza dawa, "taifodi na UTI" maabara, kisha "ni virusi tu, kunywa maji mengi" kwa daktari. Temeke, Sinza na Mbagala hali ni hiyo hiyo. Wananchi hubaki wakijiuliza nani wa kuaminiwa. Kwa upande wa tiba swali ni jingine: dalili inayoonekana kwa macho inatosha kuamua nini, na haitoshi kuamua nini?

Matabibu hutenganisha mambo mawili. Kuna anayoyaeleza mgonjwa, kama kichefuchefu au kizunguzungu, ambayo mtu mwingine hawezi kuyahakiki. Kuna pia anayoyakuta mchunguzi: joto la nyuzi 39, viganja vilivyopauka, macho ya njano, kifua kinachobonyea mtoto anapovuta pumzi. Haya ya pili yana nguvu zaidi kwa sababu watu wawili wanaweza kuyakagua na kukubaliana. Lakini yote hutumika kujibu maswali mawili yasiyofanana, jina la ugonjwa na uzito wake, na mkanganyiko mwingi huzaliwa pale watu wanapodai jina kutoka kwa dalili inayoweza kusema uzito peke yake.

Kanuni ya "homa ni malaria"

Kwa miongo kadhaa vituo vya tiba Tanzania vilifuata kanuni moja: mwenye homa atibiwe malaria, isipokuwa kama ana sababu nyingine iliyo dhahiri. Siku hizi kanuni hiyo husimuliwa kama uzembe, na hilo si haki. Klorokwini ilikuwa ya bei ndogo na wengi waliivumilia. Hadubini zilikuwa chache, na nyingine zilikaa bila mtaalamu wala umeme. Malaria ilikuwa tele, na mtoto mwenye malaria kali anaweza kufariki ndani ya siku moja au mbili. Kumpa dawa asiyeumwa malaria kuligharimu kidogo, kumnyima anayeumwa kuligharimu maisha. Katika mazingira ya namna hiyo, kutibu bila kupima ulikuwa uamuzi wenye hesabu nzuri.

Hesabu hiyo ilivurugika kwa sababu kadhaa. Vimelea viliizoea klorokwini, nayo ikaachwa mwaka 2001 na nafasi yake ikachukuliwa na dawa ya SP. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto ya ALu, iliyo ghali zaidi na inayopaswa kulindwa isije ikazoeleka kama zilizotangulia. Wakati huo huo malaria yenyewe ilikuwa inarudi nyuma. Maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka 5 nchini yalishuka kutoka asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2007/08 hadi asilimia 8 mwaka 2022, na Dar es Salaam imekuwa chini ya wastani huo kwa mbali. Homa za watoto wa jiji zilibaki vile vile, ila uwezekano wa kuwa zinatokana na malaria ulipungua.

Tafiti zilionyesha ukubwa wa pengo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliokuta kwamba, kati ya waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Moshi, katika utafiti uliochapishwa 2013, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa, 528 waliandikiwa malaria na matabibu wao. Waliokuwa nayo kweli kama chanzo cha homa ni 14. Pengo kama hilo lina maana nzito kuliko dawa zilizopotea bure. Mgonjwa aliyeandikiwa malaria ambayo hana, ana ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeutafuta.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, utafiti wenye faida zaidi ni ule wa watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, matokeo yake yakachapishwa 2014. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilikutwa kwa takriban asilimia 10, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) kwa karibu asilimia 6, na taifodi kwa chini ya asilimia 4. Baadhi ya watoto walikuwa na zaidi ya tatizo moja. Kwa jumla, watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Yaani yale majina matatu yanayosikika sana vibarazani, malaria, taifodi na UTI, kwa pamoja yaliwahusu watoto wachache kuliko mafua na ndugu zake.

Hoja ya kutibu kinachoonekana

Wanaotetea tiba kwa kufuata dalili wana ushahidi wa nguvu, na sehemu ya ushahidi huo imetoka Tanzania. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walitengeneza mwongozo wa kutibu watoto wa chini ya miaka 5 unaojulikana kama IMCI, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Mwongozo huo haumtaki mhudumu wa zahanati awe bingwa. Unamtaka atazame mambo machache kwa mpangilio. Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Jibu moja la kutia shaka linatosha kumpeleka hospitali haraka. Kisha huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayefikisha pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano anayefikisha 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa anapumua haraka. Ngozi ya tumbo hufinywa kuona kama inarudi polepole, dalili ya kuishiwa maji. Viganja hukaguliwa kwa upungufu wa damu.

Tathmini iliyochapishwa 2004 ililinganisha wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizotumia mwongozo huo, na wilaya za Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa bado. Vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya mbili za kwanza, bila gharama ya matibabu kuongezeka. Tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kumaliza kila shaka ya kitakwimu, lakini ilipatikana kwa macho, vidole na saa yenye mshale wa sekunde.

Mfano wa pili unatoka Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, vijiji kadhaa vilipewa huduma bora ya magonjwa ya ngono ambamo mgonjwa alitibiwa kwa kundi la dalili zake, kidonda au usaha, bila kusubiri maabara itaje kijidudu. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na vijiji vya kando. Wa tatu ni Kilosa, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi waliulizwa kwa dodoso rahisi kama wamewahi kukojoa damu, na majibu yao yakatosha kutambua shule zilizoelemewa na kichocho. Hakuna kifaa kilichotumika hatua ile zaidi ya karatasi na mwalimu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba wavu wake una matundu madogo mno. Mwongozo unaonasa kila mtoto mwenye nimonia hunasa pia wengi wenye mafua, kwa sababu homa yenyewe huongeza kasi ya pumzi. Katika utafiti ule wa Dar es Salaam na Ifakara, ni asilimia 5 tu ya waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa ambao picha ya eksirei ilithibitisha nimonia. Wengine wote wangeweza kuishia na antibayotiki wasiyoihitaji. Kuhesabu pumzi kwenyewe ni kazi: mtoto analia, foleni ni ndefu, na sekunde 60 hufupishwa kuwa 15 zikazidishwa kwa nne. Na kwa magonjwa ya ngono, njia inayofanya kazi vizuri kwa kidonda au kwa usaha wa mwanamume huyumba kwa mwanamke mwenye uchafu ukeni, maana mara nyingi hali yake haisababishwi na kisonono wala klamidia, na wanawake wengi wenye maambukizi hayo hawana dalili yoyote.

Hoja ya kupima kwanza

Mwaka 2010 WHO ilielekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, watoto wadogo wakiwamo. Kilichowezesha agizo hilo kutekelezeka ni kipimo cha haraka, mRDT: tone la damu ya kidole, kimiminika kidogo, na jibu ndani ya dakika kama 20 bila umeme wala hadubini. Katika vituo vya Dar es Salaam vilivyofuatiliwa, kuletwa kwa kipimo hicho kulishusha idadi ya wagonjwa wa homa waliopewa dawa ya malaria kutoka takriban robo tatu hadi moja ya tano. Ni mageuzi makubwa kwa kifaa kidogo hivyo.

Ufuatiliaji huo huo ulionyesha upande wa pili. Matumizi ya antibayotiki yalipanda, kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi zaidi ya theluthi mbili. Sababu si ngumu kuiona. Kipimo hasi humwambia mhudumu kile ambacho mgonjwa hana, kikamwacha bila jina la alichonacho, huku mama aliyepanda daladala mbili akitarajia kuondoka na dawa. Amoksilini ikachukua kiti kilichoachwa na dawa ya malaria. Jiji likabadilisha tatizo la kuzoeleka kwa dawa za malaria kwa tatizo la usugu wa bakteria, na biashara hiyo haina uhakika wa faida.

Kipimo chenyewe nacho kina mipaka. Aina ya mRDT inayotumika zaidi hutambua protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo jibu chanya kwa mtu aliyetibiwa mwezi uliopita linaweza kuwa kumbukumbu ya ugonjwa uliokwisha. Na pale malaria ilipo nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache asivyougua navyo huku homa yake ikitokana na nimonia.

Taifodi na UTI zinahitaji neno la peke yake, kwa kuwa ndizo zinazozua malalamiko mengi mjini. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana katika maabara ndogo, kilibuniwa mwaka 1896. Hakitafuti bakteria bali kingamwili, na kingamwili hizo huweza kubaki muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani au kuchochewa na bakteria wengine wa jamii hiyo. Katika jiji ambalo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu hivyo, Widal moja isiyolinganishwa na nyingine husema machache. Uthibitisho wa taifodi hutegemea kuotesha damu, huduma ambayo zahanati nyingi hazina. Kwa mkojo, chembe za usaha zinaweza kuonekana kwa sababu sampuli ilichukuliwa vibaya, bila usafi au bila kuacha mkojo wa mwanzo upite. Mtu asiyeungua akikojoa, asiyeumwa chini ya kitovu na asiyeumwa kiuno, ana haki ya kuuliza kwa nini anaandikiwa sindano za siku tano kwa karatasi ya namna hiyo. Hapa ndipo kauli ya "nimepima" inapodanganya: kipimo dhaifu kisichoongozwa na dalili ni ubashiri uliopigwa muhuri.

Magonjwa yanayovaa sura moja

Historia ya kanda hii imejaa magonjwa yaliyofichwa na sura ya ugonjwa mwingine. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka katika uwanda wa Newala. Kwa dalili ilifanana mno na dengue. Maabara ndiyo iliyoonyesha kuwa ni virusi vipya, na dunia ikapata jina la chikungunya. Dengue yenyewe ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2014, Kinondoni ikiathirika zaidi, na iliporudi kwa nguvu 2019, wagonjwa wengi walianza kwa kudhaniwa wana malaria.

Kwa dengue, makosa ya jina yana madhara ya moja kwa moja. Dawa za maumivu zinazonunuliwa kirahisi dukani, kama aspirini na diklofenaki, huongeza hatari ya kutoka damu kwa mgonjwa wa dengue, wakati paracetamol haina shida hiyo. Jambo linalowapotosha wengi zaidi ni kwamba hatari ya dengue mara nyingi huja homa inapoanza kushuka. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoa damu na mwili kulegea, baada ya siku tatu hadi saba, ni dalili za kurudi hospitali haraka hata kama kipimajoto kinaonyesha nafuu.

Upo pia wakati ambapo dalili ya wazi ndiyo iliyookoa. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu 20 waliugua homa, kichwa na uchovu, wengine wakitokwa damu puani, na watatu wakafariki. Malaria haifanyi kundi la watu kutokwa damu puani namna ile, na hilo lilitosha kuita wataalamu. Sampuli zikaonyesha homa ya mgunda, inayosambazwa kupitia mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Machi 2023 mkoani Kagera, vifo vya watu waliokuwa na homa, kutapika na kutokwa damu vilifikisha wachunguzi kwenye virusi vya Marburg. Wagonjwa 8 walithibitishwa na 5 kati yao wakafariki. Katika matukio yote mawili dalili haikutaja ugonjwa. Ilisema tu kwamba hii si homa ya kawaida, na hiyo ilikuwa habari ya kutosha.

Hata ndui, ugonjwa ulioacha alama zisizosahaulika usoni, haukutambuliwa ulipomfikia mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya asili. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliugua Oktoba 1977. Kwanza alitibiwa malaria. Vipele vilipotoka, akaambiwa ni tetekuwanga. Hayo yalitokea ndani ya hospitali, wakati kampeni ya kuusaka ugonjwa huo huo ikiendelea.

Macho ya nyumbani, mdomo wa dukani

Kabla ya tabibu yeyote, anayeiona dalili ni mama, bibi au jirani, na baada yao muuza dawa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa 1996 kuhusu degedege unaonyesha nguvu na udhaifu wa jicho hilo. Wazazi walilitambua tukio bila kukosea: mtoto kukakamaa, kutikisika, macho kugeuka juu. Walijua pia kwamba ni jambo zito linalotaka haraka. Tatizo lilikuwa kwenye jina. Wengi hawakuliunganisha degedege na malaria, walilihusisha na nguvu za mizimu au ndege, na wapo walioamini kwamba sindano ingemuua mtoto mwenye hali hiyo. Kwa hiyo haraka ile ile iliyopaswa kumfikisha hospitali ilimfikisha kwanza kwa mganga. Kampeni za afya zilizowadharau wazazi hao kama watu wasioona dalili zilikosea; wazazi waliiona dalili, ila wakaelekezwa njia isiyofaa.

Muuza dawa yuko katika nafasi nyingine. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yalileta mafunzo na orodha ya dawa zinazoruhusiwa. Yalisogeza dawa karibu, yakafungua hadi usiku, na hayamdai mteja ada ya kumwona daktari. Lakini muuza dawa huona mtu aliyesimama mbele ya kaunta kwa dakika mbili, mara nyingi akiwa ametumwa na mgonjwa aliyebaki nyumbani. Dalili anazozisikia zimepita mdomo wa mtu wa pili. Na kipato chake hutoka kwenye kuuza, si kwenye kusema "huyu apelekwe Hospitali ya Mwananyamala". Mfumo unaomtegemea kutambua dalili za hatari unapaswa kukubali ukweli huo kabla ya kumlaumu.

Rangi ya ngozi na magonjwa ya kimya

Picha nyingi za vitabu vya udaktari zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako vipele huwa vyekundu na upungufu wa hewa hugeuza uso kuwa wa buluu. Kwenye ngozi nyeusi vipele vya surua vinaweza kuonekana kama madoa ya kahawia iliyokolea, na weupe wa damu hafifu hutafutwa kwenye viganja, ndani ya kope na kwenye ulimi. Manjano hutazamwa kwenye nyeupe ya jicho, tena mchana, kwa sababu taa za njano huificha. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London mwenye asili ya Zimbabwe, alishiriki kuandaa kitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi kwa sababu walimu wake walikuwa hawazionyeshi. Hata kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kimeonekana kutoa kiwango cha juu kuliko halisi kwa baadhi ya watu weusi, hivyo mtoto anayehangaika kupumua asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba nzuri.

Magonjwa mengine hayatoi dalili kabisa hadi yamechelewa. Presha ya juu ndiyo mfano mkubwa: watu husubiri kichwa kiume, na mara nyingi hujitambulisha kwa kiharusi. Kisukari cha ukubwani hukaa miaka. Kifua kikuu, kinachotafutwa kwa kukohoa wiki mbili, homa, jasho la usiku na kukonda, kina takriban nusu ya wagonjwa ambao tafiti za kijamii katika nchi mbalimbali zimewakuta bila kulalamikia dalili hizo. Kwa magonjwa haya, kusubiri kuona ni kuchelewa, na upimaji wa mara kwa mara hauna mbadala.

Njia ya kati

Pendekezo linalojaribu kuunganisha pande zote ni kuziacha dalili ziongoze, kisha vipimo vichache vilivyochaguliwa viamue pale dalili zinaposhindwa. Katika kliniki 9 za Dar es Salaam, kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, zaidi ya watoto 3,000 wenye homa walihudumiwa kwa programu mbili za kompyuta ndogo ya mkononi. Iliyoongeza kipimo cha oksijeni, cha wingi wa damu na cha viashiria vya maambukizi ya bakteria ilitoa antibayotiki kwa takriban asilimia 11 ya watoto. Iliyotegemea zaidi dalili za kawaida ilitoa kwa asilimia 30. Watoto wa kundi la kwanza hawakuumia kwa kunyimwa dawa. Waliokosa nafuu ndani ya wiki walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Jaribio kubwa la baadaye katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, lililochapishwa 2024, lilishusha utoaji wa antibayotiki kutoka asilimia 70 hadi 23.

Gharama ipo. Vifaa hivyo vinahitaji chaji, matengenezo na vitendanishi visivyokatika, na mhudumu hutumia muda zaidi kwa kila mtoto. Zahanati binafsi inayoishi kwa kuuza vipimo na dawa haina sababu kubwa ya kibiashara ya kutumia programu inayomwambia mteja aende nyumbani bila kitu. Hapo ndipo bima na Serikali wanapoingia, kwa kulipia uchunguzi wenyewe badala ya kulipia boksi la dawa.

Uzani wa hoja

Kila upande una sehemu yake ya haki, ila sehemu hizo si sawa. Kwa swali la uzito, dalili za wazi zinashinda kipimo chochote kinachopatikana mtaani. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au anayebonyea kifua; mjamzito anayetoka damu, anayeona ukungu, anayeumwa kichwa kikali au kuvimba uso; mtu mzima ambaye uso umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yanakwama: hawa hawasubiri jibu la maabara. Hata kwa kiharusi, ambacho ni miongoni mwa magonjwa machache yanayojitaja kwa sura, sukari iliyoshuka inaweza kuiga dalili zile zile, na kipimo chake hufanywa njiani au mlangoni mwa hospitali, si kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa swali la jina, dalili zinashindwa, hasa homa. Mwenye homa Dar es Salaam apimwe malaria, na mhudumu amuulize amesafiri wapi, kwani homa ya mtu aliyerudi kutoka Tabora au Kigoma wiki iliyopita ina uzito tofauti na ya asiyetoka Mwenge mwaka mzima. Kipimo kikiwa hasi na hali ikiwa si ya hatari, tiba inayofaa kwa wengi ni paracetamol, maji, chakula, na maelekezo ya wazi ya lini kurudi. Antibayotiki isitolewe ili kujaza nafasi. Widal moja isitoshe kuanzisha tiba ya taifodi. Homa ikizidi siku tatu, au ikishuka huku mgonjwa akizidi kudhoofika, arudi kituoni, ikiwezekana kile kile alichoanzia, akiwa na karatasi zake zote.